Udongo Uliobaki

Baba,

Mama hajambo, ila anakohoa. Nimeanza na yeye kwa sababu najua ungetaka habari zake kwanza, ingawa ungejifanya unauliza za ng'ombe. Ng'ombe pia hawajambo. Majani ya chai tunachuma na kupeleka kituoni kama kawaida. Mimi sijui nikuambie niko vipi. Naamka, nakamua, nachuma, nalala. Tangu tukuzike sijalia, na watu wa huku Kiptere wameliona hilo.

Kilichonifanya nikuandikie ni ukuta wa chumba chenu. Mvua ndefu ilipoanza, unyevu ulitokea upande wa ndani, chini kabisa, pale kwenye kichwa cha kitanda. Rangi ikavimba, ikabanduka, plasta ikawa inamomonyoka ukiigusa kwa kidole. Blanketi la Mama likaanza kunuka uvundo. Nilimwomba ahamie chumba changu, akakataa. Shangazi alikuwa amemwambia kwamba nyumba inakulilia, kisha akanigeukia mimi: "Hata ukuta inalia, Chebet. Wewe je?" Mama akaliamini neno hilo. Siku moja nilimkuta ameweka kiganja pale penye maji. "Wachana nayo," akaniambia. "Ni baba yako." Na kikohozi kikazidi.

Sikubishana. Nilipanda juu ya mabati, sikuona tundu. Gata za kukinga maji ya paa zilikuwa safi. Nilifunga bomba la tenki kwa muda, unyevu ukabaki palepale. Tena kama yangekuwa maji ya paa yangeanzia juu, na ukuta ulikuwa mkavu kutoka kiunoni kwenda juu. Haya yalikuwa yanapanda.

Nikakumbuka tulivyojenga. Nilikushikia ile karatasi nyeusi ya lami ukaitandaza juu ya msingi, kabla ya kupanga mawe ya ukuta. Ulisema, "Maji ya ardhi yakifika hapa yanarudi. Lakini msije mkapafunika na udongo." Nilikuwa nawaza chakula cha mchana.

Nikazunguka nje. Baba, tulipafunika na udongo wako. Siku ya mazishi jeneza lilichukua nafasi yake kaburini, udongo mwingine ukabaki, na wazee wakakataa udongo wa kaburi utolewe nje ya boma. Vijana wakaurundika kwenye ukuta ili wageni wapate njia. Baadaye Mama akapanda maua juu yake. Nilichimba kwa jembe mpaka nikauona ule mstari mweusi, chini sana ya mizizi ya maua. Mvua ilikuwa inalowesha rundo, na rundo linapitisha maji juu ya karatasi yako mpaka kitandani kwa Mama.

Nilisimama pale na jembe. Nilijua nikiuondoa ule udongo huenda Mama akapona, na nilijua pia kwamba nitakuwa nimemnyang'anya kitu. Niliuondoa. Niliubeba kwa wilbaro hadi kwenye ile mistari ya chai iliyo karibu na ua, ambayo hukutaka mtu mwingine aichume. Kwa hiyo haukutoka nje ya boma. Mama alikuja mlangoni, akatazama. Niliporudi kuchukua mzigo mwingine, nilimkuta anang'oa maua taratibu na kuyapanga kwenye beseni.

Ukuta umekauka polepole. Kikohozi kimepungua, hakijaisha. Jana alipapasa pale, mkono ukatoka na vumbi jeupe. Akauangalia, halafu akaniuliza, "Sasa ako wapi?"

Nilikaa kitandani karibu naye nikaushika ule mkono wenye vumbi. Nilingoja machozi, hayakuja. Naumia, Baba, lakini ni kama naumia kwa mbali.

Lala salama. Ninakuahidi sitapaka rangi mpaka ukuta ukauke hadi ndani, hata Shangazi akisema nyumba inaaibisha. Mistari yako ya chai tutaichuma mimi na Mama tu. Leo asubuhi alinitangulia. Nilimkuta amesimama katikati ya chai, pale nilipomwaga udongo, kikapu bado kitupu mgongoni, anakupa habari za ng'ombe.

Binti yako,
Chebet