Pawa Mbili za Supu

Chumba Na. 9, ghorofa ya pili,
Nyuma ya karakana ya reli.
Jumapili, tarehe 11 Mei.

Mpendwa mdogo wangu,

Habari za huko, na baridi imepungua? Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja kimeondoka bila kuaga. Sisi tupo. Mama anatembea kwa fimbo aliyoinunua mwenyewe, ambayo anasema ni ya kufukuzia paka. Mimi nilikuwa naumwa, sasa nina nafuu, na ugonjwa huo ndio chanzo cha barua hii.

Mwezi wa pili nilianguka kwenye ngazi za mahakama, daftari la mwandishi wa habari mkononi, kesi haijaisha. Daktari akasema mishipa imejaa mafuta, akanipiga marufuku kula nyama. Nikamuuliza mpaka lini. "Mpaka utakapokufa, mzee," akasema, "na hapa tunajaribu kuisogeza mbele hiyo tarehe."

Wiki ya kwanza nilikula kama mfungwa. Wiki ya pili, mama anayeuza chakula nyuma ya mahakama aliniwekea biringanya lililochomwa juu ya makaa mpaka ganda likawa jeusi, akalimenya na kuliponda kwa kitunguu saumu, ndimu na pilipili. Nilimaliza, nikaomba tena. Kesho yake zikaja choroko za tangawizi. Baadaye uyoga, baadaye boga lililokaangwa na mbegu zake. Mdogo wangu, ni chakula kitamu. Naliandika hili kama ninavyoripoti hukumu gazetini: nilikuwepo, nimeonja, sina shaka. Miaka hamsini na minne nimekuwa na ulimi, nao nimeutumia kukucheka wewe.

Jina lako la Sungura nililitunga mimi, hilo unalijua. Ulikuwa umefanya kazi machinjioni miezi mitano, karani wa mizani, ukarudi ukasema hutakula nyama tena. Hukumhubiria mtu. Uliomba tu chakula chako kipikwe kando. Mimi ndiye niliyekuuliza kila jioni kama leo utakula majani ya uani kwetu au ya kwa jirani.

Ofisini wamekulipizia kisasi. Wiki mbili zilizopita mpiga picha wetu, yule tunayemwita Mfupa kwa wembamba wake, alijitolea kunichotea maharage ya mchana. Kijiko cha kwanza tu ulimi ukajua: supu ya ng'ombe. Nikainua kichwa, chumba kizima cha habari kinanitazama.

"Vipi, mzee wa majani?" Mfupa akasema. "Au leo maharage yameota pembe?"

Walicheka mpaka mhariri akatoka ofisini kwake. Nilicheka nao. Kisha nikaenda kunawa mikono, nikakaa huko dakika kumi, kwa sababu nilikuwa nimeukumbuka uso wako.

Hapa ndipo nilipokuwa nakwepa kufika. Nimewasikia washtakiwa wengi wakikiri makosa, na karibu wote huanza na habari za afya.

Siku tuliyosherehekea matokeo yako ya mtihani, miaka kumi na tisa iliyopita, mama alikupikia maharage kwenye sufuria ndogo. Alipotoka kuanua nguo, mimi nilichota supu ya mifupa kwenye sufuria kubwa, pawa mbili, nikamimina kwenye maharage yako, nikakoroga. Nilitaka kuthibitisha kwamba hutaona tofauti, kisha nitangaze mbele ya wageni. Ulikula vijiko vitatu, ukaweka kijiko chini. Hukunitazama mimi. Ulimtazama mama.

"Mama, umenitilia supu?"

Mama aligeuka akatazama jikoni. Upawa wa supu ulikuwa bado ndani ya sufuria ya maharage. Akanitazama mimi. Halafu akakujibu kwamba labda mkono wake uliteleza. Nafasi ya kusema nilikuwa nayo. Mdomo wangu ulikuwa umejaa nyama, nikaendelea kutafuna.

Tangu siku ile hujala chochote kilichotoka mkononi mwake. Kwenye mazishi ya baba ulikula ndizi ulizobeba kwenye mkoba. Ulipomleta shemeji mlisema mmeshashiba, na mama akakifunika chakula alichokuwa amekipika tangu alfajiri. Hajawahi kulalamika, wala hajawahi kunitaja. Sasa umeandika kwamba utakuja mwezi wa nane kwa siku tatu, na kwamba utafikia nyumba ya wageni. Mama ana miaka sabini na minane. Sidhani kama kuna siku tatu nyingine.

Siombi unisamehe. Ukitaka kununa, nuna, ila mnunie anayestahili. Yule bibi hana kosa ila kunizaa na kunificha.

Jana nilikwenda kwake na choroko zangu, nikamwambia kwamba nitakuandikia ukweli. "Leo ndiyo umekumbuka?" akasema. Nikaomba sufuria isiyonuka nyama. Zote zinanuka. Juu ya kabati nikaona moja ndogo, imefungwa kwenye gazeti. Nikaishusha, nikaifungua. Ilikuwa mpya, karatasi ya dukani bado imebandikwa ubavuni. Gazeti lilikuwa la wiki ile ile uliyoondoka nyumbani, baada ya sherehe ile, na kesi iliyoandikwa ukurasa wa mbele niliiandika mimi, kwa jina langu, kila neno lake kweli.

Mama akanipiga fimbo ya mkono.

"Irudishe. Hiyo ina mwenyewe."

Nikaifunga tena kama nilivyoikuta. Choroko zangu nilizipikia kwenye kopo la maziwa.

Shangazi anakusalimu, na baba mdogo fundi saa pia. Hawajui habari za barua hii. Nisalimie shemeji na binti yenu mchoraji. Mungu awape afya, na akufikishe mwezi wa nane salama, kwa mlango utakaouchagua mwenyewe.

Ndimi kakako, akupendaye.