Redio ya Kufukuza Tembo

Octavian, nimekwisha!

Wale wasomi wa chuo kikuu cha kilimo wamekuja leo kijijini kutuuliza eti chuo chao kifanye kazi gani miaka ijayo. Chuo kikuu kizima kinaniuliza mimi!

Nikawadanganya kwamba tembo wa hifadhi ya Mikumi hukimbia wakisikia hotuba za wanasiasa redioni. Unadhani walicheka? Profesa mzima akasema, "Mzee, huu ndio utafiti wa kesho."

Utafiti, Octavian! Hotuba!

Wamechagua shamba langu. Kesho wanaondoa mizinga yangu ya nyuki, ile inayozuia tembo kweli, "ili tupime redio peke yake." Kijiji kikapiga makofi, nikashindwa kukanusha.

Domina, mke wangu, anasema, "Betri zikiisha, utahutubia mwenyewe."

Na mahindi yameshabeba, ndugu yangu. Nimeanza mazoezi ya sauti.