Bembea Kwenye Maua ya Sikudhani

...na huyohuyo mume niliyekusifia mpaka karatasi ikaisha, mpendwa Bi Theopista, ndiye aliyenirudisha kwako, kwa hiyo safari hii naomba msaada wako, na naomba majina yote uyabadilishe, maana mji wetu huu jirani na Kibiti ni mdogo na gazeti moja linasomwa na mtaa mzima.

Usifikiri tumegombana. Hatujagombana hata siku moja! Mustapha bado ananiita mahabuba mbele za watu, bado akitoka ofisini ananiletea kashata zilizofungwa kwenye karatasi kama vile mimi mtoto wa madrasa, na nikiunguza wali anakula ukoko na kusema huo ndio anaoupenda. Mimi ni binti wa Kiongoroni, nimekulia kwenye tope la mikoko huko delta, nikasoma Utete mpaka kidato cha nne, na sikuwahi kuota kwamba mwanaume wa Kondoa, mtu wa bara asiyeweza kukaa kwenye mtumbwi bila kushika pande zote mbili, angenipenda hivi. Nikisikia pikipiki yake inazimwa nje moyo unaruka kama vile ndiyo kwanza anakuja kuposa. Ndiyo maana jambo hili linanitafuna, kwa sababu limetoka ndani ya furaha yenyewe.

Wakati nawekwa ndani kufundwa, somo yangu alikuwa jirani yetu wa Kiongoroni, Sikudhani, mwanamke mcheshi ambaye alitufanya tucheke hata kwenye mambo ya kuona haya. Siku alipomaliza kazi yake mama alimletea doti za kanga kama inavyotakiwa, naye akazirudisha. Akasema, "Kanga ninazo, dada. Mwanao anakwenda kuolewa mji uleule tuliokaa kwenye mahema mwaka wa mafuriko. Ujira wangu atanilipa huko. Kila Alhamisi ammwagilie Hashimu wangu maji." Mama alilia, mimi nikalia, nikamshika mikono nikasema, "Somo, nimepokea."

Hashimu alikuwa kitinda mimba wake. Alifia kambini kwa kuharisha, ndiyo kwanza ameanza kusimama kwa kushika mti wa hema. Hakufa peke yake, watoto wa delta kadhaa walikwenda kwa ugonjwa uleule, na makaburi ya mji yalikuwa yamezingirwa na maji, basi wanaume wakawazika kwenye kona ya uwanja uliokuwa nyuma ya mahema. Sisi wanawake hatuendi kuzika, kwa hiyo mama zao walisubiri, halafu wakaenda na miche ya vile viua vya rangi ya waridi tunavyopanda makaburini kote delta, kila mmoja akapanda pa kwake. Vijiti walivyosimikiwa kichwani viling'olewa na watu wakavipikia. Maji yalipokauka watu walirudi makwao, mahema yakaondolewa, maua yakabaki yakatambaa mpaka kona nzima ikawa ya waridi. Mtu wa delta akiona anateremsha sauti. Mtu mwingine anaona maua.

Nilikuwa nakwenda kila Alhamisi alasiri na ndoo yangu, na Mustapha sikumwambia, si kwa kuficha, ila niliona ni neno la Sikudhani na mimi. Alhamisi moja akanifuata bila mimi kujua. Nikageuka namwona amesimama, anatabasamu mpaka jino la mwisho.

"Kumbe huku ndiko unakokimbilia! Mahabuba, mji mzima hauna hata kiti cha kukalia chini ya kivuli, wewe umejipatia bustani yako peke yako?"

Akachuma ua moja akanichomeka sikioni. Bi Theopista, ua la kaburi la mtoto! Nilitaka kusema lakini alikuwa ameshatoa simu, anarudi kinyumenyume, anasema, "Cheka basi, bibi harusi, cheka," na nikimwona hivyo mimi siwezi kutocheka. Nikacheka. Akapiga picha.

Jioni ile hakutulia. Serikali ilikuwa imetangaza ruzuku kwa miji midogo ya kutengeneza bustani za kupumzikia, na mume wangu, kwa kuwa yuko ofisi ya mji, ndiye aliyepewa kuandaa andiko la maombi la mji wetu, na walikuwa wanahangaika na eneo. Kila kiwanja kina mwenyewe au kina kesi. "Ule uwanja ni wa mji," akaniambia, "hauna nyumba, hauna shamba, na una maua yamejiotea yenyewe! Wewe ndiye uliyenionyesha." Akanibusu mikono yote miwili.

Nilijaribu. Nilisubiri ale, nikamuuliza kama mtu anayeuliza tu, "Na pakikutwa kaburi pale?"

Akacheka. "Usinitakie mabaya, mke wangu. Wameandika wazi, eneo lisiwe na makaburi wala mdai. Likikutwa hata kaburi la paka, ruzuku inakwenda mji mwingine na mimi nahamishiwa kwenye kuhesabu madawati." Halafu akaomba nimwongezee mchuzi, nikamwongezea.

Ukaja mkutano wa hadhara, mimi nikiwa miongoni mwa wanawake wa kugawa soda. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye dai lolote na uwanja ule. Mtu mmoja akapaza sauti, "Labda mbuzi wangu, maana watakosa malisho!" Watu wakaangua kicheko. Kwenye benchi la mbele alikuwepo Nurdini, fundi baiskeli wa hapa mjini, ambaye nilimwona kwa macho yangu mwaka ule wa mafuriko akitoka kwenye kona ile na jembe begani. Alikuwa anaangalia ndala zake. Nilimpa soda, akaipokea, akaniangalia, nikamwangalia. Akarudi kuangalia ndala zake. Nami nikapita na soda kwa aliyefuata.

Na sasa ruzuku imetoka! Mustapha aliingia ndani akaninyanyua juu mpaka kilemba kikaanguka, akasema mtoto wetu atakuwa wa kwanza kupanda bembea, maana bado hatujamwambia mtu lakini wewe nakwambia, nina mimba changa. Mji mzima unampongeza. Kwenye kituo cha mabasi wamesimamisha bango kubwa la mradi, na picha iliyo kwenye bango ni ile, mimi nacheka na ua sikioni katikati ya makaburi ya watoto wa watu. Nikipita napita upande wa pili wa barabara. Vigingi vyekundu vimeshapigwa, na mchoro nimeuona mezani nyumbani, kwenye kona ya maua ndipo patakapokuwa na bembea. Greda linatarajiwa wakati wowote. Mimi sijaenda kumwagilia tangu vigingi vipigwe, ndoo nimeifunika uani.

Juzi Sikudhani amepiga simu. Kwenye boti wamemsimulia habari za bustani. Anasema, "Hongera, mwanangu, mumeo ni mtu wa maendeleo! Basi kabla ya mwezi huu kwisha nitakuja niione nyumba yako, na nikamsalimie Hashimu. Anapata maji?" Nikasema, "Anapata, somo."

Nimewaza nichimbue maua mapema kabla greda halijafika, niyahamishie sehemu nyingine nje ya mji, halafu akija nimpeleke nimwambie ni hapa, uwanja ulibadilika. Hatajua, kijiti kiling'olewa siku nyingi. Atasali, atafurahi, atarudi kwake, na mume wangu atabaki na kazi yake na jina lake na mimi nitabaki na mume wangu. Je, hiyo ni dhambi kubwa kuliko kumvunja moyo mtu ninayempenda kuliko roho yangu? Niambie, Bi Theopista, lakini uniambie taratibu, maana mimi ni mke mpya na sijazoea huzuni.

Mke Mpya, jirani na Kibiti

BI THEOPISTA ANAJIBU

Mwanangu, majina nimeyabadilisha. Taratibu sitakuambia, kwa sababu greda halitakwenda taratibu. Nimepiga namba uliyoandika chini ya barua mara kadhaa, haipatikani. Kwa hiyo nakujibu hapa, na mji wako wote usome ukitaka.

Nakuonea huruma. Ulikwenda na ndoo ya maji kutimiza ahadi, na ahadi hiyohiyo ndiyo iliyowaonyesha njia watu wa vigingi. Hilo si kosa lako, na ningekuwa karibu ningekukumbatia kwanza ndipo nikuseme.

Sasa nakusema. Mpango wako wa kuhamisha maua uufute kabla hujamaliza kusoma sentensi hii. Unataka kumpeleka mama mzazi akapige magoti kwenye udongo mtupu, amwite mwanawe mahali ambapo hayupo, wakati watoto wengine wanabembea juu yake? Na wewe usimame pembeni umeshika ndoo, na mimba yako tumboni? Utaweza kumzaa huyo mtoto ukamtazama? Sikudhani alirudisha kanga akakuamini wewe. Ungemwachia azichukue kanga zake kama hukuwa na nia.

Mume anayekula ukoko akasema ni mtamu anakupenda, sitabisha. Lakini hujampa nafasi ya kukupenda kwenye jambo zito. Ulimuuliza kwa mzaha, akakujibu kwa mzaha, ukaufanya mzaha wake kuwa hukumu. Mustapha ni Mwislamu na ni mtoto wa watu. Mwambie leo, kwa maneno makavu, "Pale wamelala watoto, mmoja ni wa somo yangu, na ua ulilonichomeka sikioni ni lao." Umwambie mkiwa palepale kwenye kona, asipate pa kugeuzia uso. Usisubiri ale.

Halafu ondokeni hapo mwende kwa Nurdini. Mtu aliyetazama ndala zake mkutano mzima anangoja kuulizwa. Alichimba, anajua nani yuko wapi. Naye Mustapha aandike kwa mkono wake kwa wakubwa zake, siku hiyohiyo, kwamba taarifa ya eneo haikuwa sahihi na kazi isimame. Makaburi yakizungushiwa ua na bustani ikaanzia mbele yake, au watoto wahamishwe, hilo haliamuliwi na wewe, wala mumeo, wala mimi. Mimi ni Mkristo, sitakufundisha hukumu ya kaburi la Kiislamu. Muulizeni imamu, muulizeni bwana afya, na kabla ya wote waulizwe mama zao. Sikudhani anawajua. Watafutwe mmoja mmoja huko delta, hata kama boti ni ghali na maji yamekupwa.

Sitakudanganya kwamba yote yatakwisha vizuri. Huenda ruzuku ikaenda mji mwingine. Huenda yule mwenye mbuzi akawa wa kwanza kukutukana sokoni. Mumeo anaweza kupoteza cheo, na mkakaa ndani siku nyingi hakuna anayemwita mwenzake mahabuba. Ndoa yenu ina umri mdogo kuliko maua hayo, sijui kama itabeba. Najua tu kwamba ikijengwa juu ya hiyo kona haitasimama, kila mara mtoto wako atakapokuomba umpeleke kwenye bembea utatafuta sababu.

Na kama gazeti hili limekufikia greda limeshapita, usijifungie ndani kulia. Simama palepale, mpigie Sikudhani, umwambie mwenyewe kabla hajapanda boti. Asije kusimuliwa na abiria. Atakachokuambia kipokee, hata kikiwa kizito, yeye hakupokea kanga, basi wewe pokea hicho.

Bango waambie walishushe. Kama hawataki, wewe nenda ukalifunike na kanga yako, mchana, watu wakikuona.

Mwisho, mwanangu. Umeniandikia mara mbili, mara ya kwanza kunialika nije nile pilau ya maharusi, nikasema nina kazi. Kabla ya mwezi huu kwisha nakuja, siku ya Alhamisi. Usinipikie. Nikishuka kituoni nitakukuta umeshika ndoo imejaa maji, na utanipeleka kwa Hashimu.