Bushi za Gari la Mke Wangu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepunguza kuuma, na kaka na shemeji wanakutunza kama yai. Mimi huku sijambo. Nakula, nalala, naenda kazini kusoma mita za maji kama kawaida, na mbwa wa mitaa yangu bado hawajakubali kunizoea. Jirani wa juu bado anaburuta viti kila jioni kama mtu anayehama. Tangu mke wangu, mkwe wako, atutoke nyumba imekuwa kubwa mno. Kikombe chake cha bluu kiko palepale kwenye ndoano. Huwa nakifuta vumbi tu na kukirudisha.

Ningepiga simu, lakini wewe na simu mnajuana. Ningeanza kwa sauti ya kawaida nikamalizia kwa kupiga kelele, na haya ninayotaka kukueleza hayafai kusikiwa na jirani. Kwa hiyo vaa miwani, ukae penye mwanga, usome mwenyewe. Tafadhali usimpe shemeji akusomee. Nami nitaeleza tangu mwanzo kana kwamba hujui lolote, na wewe univumilie hadi mwisho.

Ni habari za lile gari jekundu la viti viwili.

Unajua kwamba marehemu aliachiwa gari lile na mume wake wa kwanza, na kwamba aliingia nalo kwangu kama mtu anayeolewa na mtoto wake. Lilikuwa gari la mbio la zamani, chini kabisa, paa la turubai, taa za mviringo kama macho ya mtu aliyeshtuka. Mchana kutwa mke wangu alifundisha watu udereva katika gari la shule, anakanyaga breki za wenzake na kuvumilia makosa yao. Akirudi nyumbani anachukua kitambaa laini na kulifuta hili lake taratibu. Mimi nilikaa dirishani na chai yangu nikimtazama, na chai ikawa chungu hata ikiwa na sukari.

Mama, kumwonea wivu mtu aliyekufa ni kazi ngumu. Aliye hai utamkuta siku moja amekosea, amekoroma, amesahau kununua chumvi. Yule alikuwa ameshamaliza makosa yake yote. Kilichobaki ni gari lake zuri, likingurumia uani kwangu. Ndiyo maana sikulipanda hata mara moja. Nilisema mbele yako, siku ile ya chakula cha mchana, kwamba mtu wangu wa damu hataketi katika gari lile. Marehemu alijibu tu kwamba gari ni gari, akakuongezea mchuzi.

Sasa, kabla hajaugua alilipeleka kwa fundi wake, yule tunayemwita Bubu, si kwa kuwa hawezi kusema bali kwa kuwa hasemi. Baada ya msiba nililisahau huko. Juzi Bubu alinitumia ujumbe kwamba gari limeinuliwa juu ya stendi za chuma, linamzibia nafasi, na anasubiri uamuzi wa bushi.

Nilikwenda nikiwa bado na sare ya kazi. Bubu alinionyesha zile bushi za zamani alizozitoa. Ni vipande vya mpira vinene, vyenye tundu katikati, vinavyokaa pale mikono ya magurudumu inaposhikana na mwili wa gari ili chuma kisigongane na chuma. Kwenye meza yake, kando ya jiriwa, kile chombo cha kubania vyuma, alikuwa ameweka mpya za aina mbili. Za kwanza za mpira mweusi, kama zilivyotoka kiwandani zamani. Alisema hizo zinameza mashimo, abiria anakaa kama kwenye kochi, ila kwenye kona gari linalegea kidogo na baada ya miaka zinachakaa. Za pili za plastiki ngumu, za manjano. Kwa hizo, gari linashika kona kama limepigiliwa misumari barabarani, na zinadumu, lakini kila kokoto unalisikia kwenye uti wa mgongo, na zikikauka grisi zinalia kama panya aliyebanwa mlangoni. Kwa Bubu hiyo ilikuwa hotuba ya mwaka mzima. Kisha akaniuliza nataka zipi.

Mimi nilikuwa nimeokota zile za zamani na kuzilinganisha. Za upande wa dereva zilikuwa zimechoka, sawa. Lakini za upande wa abiria zilikuwa zimekandamizwa kabisa, mpira umepasuka na kutokeza kando kama mkate uliokaliwa. Nilimuuliza Bubu kunani. Akasema, bila kuinua macho, kwamba upande ule ulibeba mtu. Mtu mwenye uzito wake, tena mara kwa mara.

Nilichungulia ndani ya gari. Kiti cha abiria kilikuwa kimerudishwa nyuma hadi mwisho wa reli yake.

Hapo, Mama, damu ilinipanda. Ni nani ninayemfahamu mwenye mwili mkubwa na miguu mirefu kiasi cha kuhitaji kiti kirudishwe hivyo? Ni Twiga, mdogo wake yule mume wa kwanza. Yule yule aliyekuja msibani akalia kuliko mimi, watu wakawa wanampa pole yeye kwanza.

Ningemuuliza Bubu pale pale mambo yakaisha. Lakini nilimwonea haya. Mwanaume anaanzaje kumuuliza fundi ni nani aliyekuwa akipandishwa na mke wake? Nikaaga, nikasema nitafikiri.

Nilifikiri kweli. Nikisoma mita nilikuwa naandika namba za nyumba hii kwenye nyumba ile, mpaka bosi akaniuliza kama naumwa. Nilikumbuka kila Alhamisi aliyochelewa kurudi, mashavu yana upepo, nywele zimevurugika, anacheka peke yake akikata vitunguu. Nilikuwa nikimuuliza kinachomchekesha, anasema ni wanafunzi wake. Sasa kila kicheko kile nilikitoa, nikakigeuza, nikakiona kina mguu mrefu wa Twiga ndani yake.

Niliporudi gereji, nani nimkute? Twiga mwenyewe, ameinama kwenye ile meza, ameshika bushi ya mpira kama anayechagua nyanya. Alinisalimia kwa heshima. Alisema amesikia gari linatengenezwa, akaja tu kuomba nisiweke za plastiki, maana zitaliondolea utu wake. Kaka yake aliweka za mpira, na shemeji yake, yaani mke wangu, alizipenda hivyo hivyo laini. Nilimuuliza amejuaje alichopenda mke wangu. Akababaika, akasema alijua tu. Nikamwambia basi na mimi najua tu. Nikamgeukia Bubu nikamwagiza aweke za plastiki, mbele na nyuma, ngumu kuliko zote alizonazo, na kama zipo za mawe aweke za mawe.

Twiga aliweka ile bushi mezani taratibu, akaaga, akaondoka akiinamisha kichwa chini ya mlango. Nilifurahi, Mama. Nilitaka yeyote aliyewahi kustarehe katika kiti kile, akithubutu kukikalia tena, meno yamgongane.

Bubu hakugusa spana. Alifuta mikono, akasema anaomba ajue jambo moja tu: je, abiria ameshinda?

Nikauliza, kwa sauti ambayo nadhani uliisikia huko, abiria gani, tumtaje basi, ni Twiga au si Twiga? Bubu alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashikilia jiriwa. Alisema Twiga hajapanda gari lile tangu siku kaka yake alipozikwa, maana huwa analia akilisogelea. Abiria wa Alhamisi ni mama mmoja mwenye miwani na mkoba mweusi, mguu mmoja haukunjiki, na ndiyo maana kiti kilirudishwa nyuma. Akiingia alishikwa huku na huku, akitoka alivutwa kama kizibo. Na kila mara walipopita gereji alimwonya Bubu asije akamwambia mwanawe, kwa kuwa mwanawe ana wivu kama kuku anayelalia mayai.

Mama. Kumbe ni wewe.

Bubu, ambaye siku zote ni mdomo wa kufuli, alifunguka siku hiyo. Alinieleza kwamba marehemu alikuwa akikupeleka kliniki ya goti kila Alhamisi mimi nikiwa kazini. Kwamba mkitoka kliniki hamkurudi moja kwa moja, bali mlizunguka na ile barabara ya kona nyingi nyuma ya kiwanda cha saruji, paa limekunjwa, na wewe ndiye uliyekuwa ukisema kanyaga, mwanangu, kanyaga. Na kwamba siku ya mwisho mlibishana pale mbele ya ile meza, wewe ukitaka za plastiki ili kona zishikwe vizuri, yeye akitaka za mpira kwa ajili ya goti lako. Ulimwambia goti ni lako na yeye ahangaike na usukani. Yeye akakwambia usukani ni wake na kila goti linalopanda ni lake pia. Mkaondoka bila kukubaliana, mkicheka. Wiki iliyofuata akalazwa.

Nilikaa kwenye tairi la akiba. Ningependa kukuandikia kwamba wivu uliniisha hapo hapo. Haukuisha, umehamia kwako tu. Nimemwonea wivu yule mume wa kwanza, nimemwonea Twiga, na sasa nimekaa hapa namwonea wivu mama yangu mzazi, aliyepata Alhamisi zote zile na upepo wote ule, wakati mimi nilikuwa kwenye geti la mtu nahesabu maji. Hukuniambia hata kwenye mazishi. Sikulaumu. Najua ni mimi niliyeufunga mlango ule, na ninyi mkapitia dirishani.

Nimeshaamua. Bubu anaweka za mpira, kote. Nimesimama upande wa mke wangu dhidi yako, na inaniuma kidogo kwamba nimesimama na Twiga pia. Nilimpigia simu kumwomba radhi. Alilia, kama kawaida yake.

Kuna jambo moja limebaki, na ndilo lililonifanya nikae kuandika. Bubu anasema bushi za mpira hazikazwi gari likiwa limening'inia. Ukikaza nati likiwa juu, siku likishuka mpira unajinyonga na kupasuka upesi. Lazima kwanza lisimame chini kwa magurudumu yake, libebe watu wake waliozoea kulipanda, wakae kila mmoja mahali pake, ndipo aingie chini na kukaza. Amezifunga kwa kulegeza tu, anasubiri. Alitaka kuweka magunia ya mchanga upande wa abiria. Nimemkataza.

Mwambie kaka akulete wiki ijayo, goti likikuruhusu. Kiti chako sijakisogeza. Upande wa usukani nitaketi mimi, ingawa nilioa mwalimu wa udereva na sijui hata breki ni ipi; uzito ninao, na Bubu anasema hicho kinatosha. Tutakaa hapo tu, gari halitakwenda popote. Wakati anakaza, wewe utaniambia alikuwa akisema nini kwenye zile kona.

Nisalimie kaka, shemeji na wote wa hapo nyumbani. Dawa ya goti usiiache, hata kama ni chungu.

Ni mimi kitinda mimba wako,
ninayekusubiri gereji.