Wazee Waligawa Kila Kitu, Wakasahau Akaunti

Baba Nyokabi, uliye huko Ruiru,

Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Herufi nimezijulia uzeeni, kwa masomo ya ngumbaru, kwa hiyo zikipinda zivumilie kama nilivyokuvumilia.

Unakumbuka siku tulipofungua akaunti hapa Thika? Ulikuwa umefanywa nyapara kwa mashamba ya mananasi. Nilivaa viatu vya dada yako, vikanibana mpaka machozi. Wewe ulitia sahihi, mimi nikatia kidole gumba. Ukanipangusa wino kwa leso yako nyeupe mbele ya watu wote, ukasema, "Sasa mmoja wetu akiugua, mwingine atatoa pesa." Nilikupenda siku hiyo, sikufichi.

Halafu tukachokana. Ndugu yangu akakurudishia mbuzi zako za mahari. Wazee wakakaa kwetu, wakagawa mabati, ng'ombe, hata ile sufuria kubwa ya sherehe. Tukanywa uji, tukaachana bila matusi. Mimi nikajua yamekwisha. Kumbe hakuna mzee hata mmoja aliyekumbuka kijitabu cha benki, wala sisi wenyewe.

Mwezi uliopita nilienda kuchukua pesa yangu ya maziwa kwa benki ile ile. Nikaambiwa imekatwa.

"Imekatwa na nani?"

"Shosho, akaunti yenu ya pamoja ina deni," akasema msichana wa dirishani. "Mzee alitoa pesa kupita zilizokuwamo, na kila mwezi kuna ada."

"Tuliachana. Mbuzi zilirudishwa."

"Benki haijui mbuzi, shosho. Hapa bado mko pamoja."

"Basi mwambie aje, chakula kimepoa!"

Foleni nzima ilicheka. Mimi sikucheka. Niliketi kwa mlango wa meneja mpaka akachoka kuniona. Akanionyesha karatasi: ulichukua hizo pesa baada ya wazee kukaa, ukanunua pikapu. Na kila barua ya kutukumbusha deni, nayo tunatozwa. Nikamwuliza ni mchezo gani huo, kumlipisha mtu karatasi ya kumtisha. Tena barua zote zilikuwa zikija kwa sanduku lako la Ruiru. Ulizisoma, ukanyamaza. Hapo ndipo paliponiuma, kuliko hata pesa.

Nilizozana naye siku tatu. Sasa amekubali kufuta ada zote, anirudishie pesa yangu na akaunti ifungwe, lakini lazima uje mwenyewe uandike kwamba deni la pikapu ni lako peke yako. Ni Jumatatu, saa tatu asubuhi. Bila wewe wataendelea kukata ya maziwa, nami itabidi nimuuze ng'ombe nimalize hilo deni.

Sikuchukii. Wewe ndiwe uliyembeba Nyokabi mgongoni mpaka hospitali, mvua ikikupiga, ukimwimbia asilie. Mtu wa namna hiyo hamaliziki kabisa ndani ya mtu. Lakini miaka ile watoto walipouliza umelala wapi, mimi niliwaambia uko kazini. Ukikosa Jumatatu, wajukuu wako watakunywa chai ya strungi, na wakiniuliza maziwa yamekwenda wapi, nitawaambia ukweli.

Vaa koti, baridi imeingia. Nitakuwa nimesimama mlangoni mwa benki.

Mama Nyokabi, aliyekuwa mke wako