Aliyeitika Ghalani

Majengo, Sumbawanga
2 Agosti 1993

Kwa dada Klementina,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila kifua kinabana kwa baridi ya huku juu. Watoto hawajambo na joto la ziwani?

Dada, chama chetu cha ushirika kinafungwa. Mahindi sasa yananunuliwa na watu binafsi, na kwenye orodha ya makarani wanaopunguzwa jina langu ni la saba. Kwa hiyo nimeomba kusoma muziki chuo kikuu, Dar es Salaam. Walitaka kanda yenye wimbo mmoja wa nyumbani. Niliazima redio kaseti ya Ignasi, mwenzangu wa ghalani, na mchana, watu wakiwa wamekwenda kula, nikaimba ule wimbo wa marehemu Mama wa kupura ulezi. Nilikuwa peke yangu. Mlango niliufunga kwa ndani.

Tulipoisikiliza, kila mstari wangu uliitikiwa na mwanamke. Ignasi alicheka: "Karani, huyu umemficha kwenye gunia gani?" Mimi sikucheka. Anaweza kuwa Mama? Kanda nimeshaiposti, maana siku ya mwisho ilikuwa ile ile.

Mdogo wako,
Urbano

Kasanga
11 Agosti 1993

Mdogo wangu Urbano,

Marahaba. Watoto wazima, mimi ni mgongo tu. Dagaa ni wengi mwezi huu na kuwaanika ni kuinama kutwa.

Umesoma sana lakini umesahau. Mama alitukataza kuuanza wimbo ule mtu akiwa peke yake. Alisema ukikosa mwenzako ataitika asiye wako, na hataondoka mpaka wimbo ufungwe. Uliufunga? Ule mstari wa mwisho, "Tumemaliza, chukua chako uende"?

Na jambo jingine. Mama ndiye aliyeanzisha siku zote. Hakuwahi kuitika hata mara moja. Huyo si Mama.

Dada yako,
Klementina

Majengo
3 Septemba 1993

Dada yangu,

Shikamoo, na pole na mgongo. Mimi chakula hakipiti.

Sikuufunga. Kanda ilikwisha kabla sijafika hapo.

Chuo wameniita nikaimbe mbele ya walimu, Jumanne tarehe 14, saa nne asubuhi. Wamemsifu sana mwitikiaji na wanataka jina lake kwenye fomu. Sijawahi kuandika uongo kwenye fomu, lakini niliogopa kuacha nafasi wazi. Nimeandika jina lako. Nisamehe.

Juzi nilikuwa nasoma kwa sauti majina ya vijiji yaliyoandikwa kwenye magunia. Kila jina lilirudiwa huko nyuma, taratibu, kama mtu anayejifunza. Nilipofika kwenye jina la Mollo, kijiji chetu, alilitaja kabla yangu.

Siwezi kusimama mbele ya walimu na huyu akiwa mgongoni. Nikikosa nafasi hii sina pengine pa kwenda. Mimi sithubutu kuugusa tena wimbo ule, kwa hiyo nakuomba uende nyumbani Mollo, kwenye kiwanja cha Mama cha kupuria, uufunge. Jumanne hiyo hiyo, saa mbili, kabla sijaingia.

Mdogo wako,
Urbano

Kasanga
17 Septemba 1993

Mdogo wangu Urbano,

Huku wote wazima. Nina hamu ya kujua uliimbaje.

Uliniudhi kuniandika bila kuniuliza, lakini nilikwenda. Lori la samaki liliharibika mlimani, nikafika Mollo saa nne imeshapita. Kiwanja kimeota nyasi, ila katikati palikuwa pamefagiliwa. Sikuona mtu. Nilimsikia akiitika, ingawa hapakuwa na anayeanzisha. Nikasema kwa nguvu, kama Mama alivyokuwa akisema: "Tumemaliza, chukua chako uende." Akanyamaza.

Kisha akaondoka akiimba, akiteremka upande wa bonde. Sasa ilikuwa sauti ya kiume, nzuri kweli. Nikadhani ni wachungaji wa jirani yetu mzee Masanja wanapita na ng'ombe. Sikuona ng'ombe.

Wamekukubali?

Dada yako,
Klementina

Majengo
30 Septemba 1993

Dada yangu,

Shikamoo. Siku hizi naandika kila kitu, hata salamu. Bertilla wa dukani anawaambia wateja, "Karani kafika Dar mara moja tu, sasa anaringa, hata hodi hapigi."

Niliimba mistari miwili. Walimu walikuwa wanatabasamu. Kwenye wa tatu kinywa kilikuwa wazi, na hakikutoka kitu. Niliangalia saa ya ukutani: saa nne na dakika ishirini. Daktari amelimulika koo langu, anasema halina kasoro yoyote.

Hukukosea. Ulimwambia achukue chake, naye akachukua alichokuwa anakifuata.

Walimu wamenihurumia. Wamenipa mpaka tarehe 20 Oktoba nirudi kuimba. Kwa hiyo nakuomba kile ambacho Mama alitukataza. Nenda tena Mollo, usimame pale palipofagiliwa, uuanze wimbo ukiwa peke yako. Usiufunge, asije akaondoka tena. Akiitika, sikiliza vizuri. Sauti yangu unaijua.

Mdogo wako,
Urbano