Magome Shimoni

Kaka mpenzi,

Sisi wazima, na ng'ombe wamenizidi kwa unene. Wiki iliyopita tulifungua shimo la majani ya saileji tuliyovundika, lile ulilotia maji ya magome ukalishindilia kwa miguu yako mizito, Baba akafoka kwamba magome ni ya kutengenezea ngozi, nawe ukahama.

Kaka, safari hii hatukuziba pua! Ukakasi wa magome umezuia protini isioze. Majani yananukia, maziwa yanafurika ndoo. Sasa Baba anawatambia majirani, “Mimi na mwanangu tulitia magome.” Eti yeye naye!

Leo katwanga magome mwenyewe. Nikamwuliza nani atashindilia shimo jipya. Akainama, akasema, “Mwenye miguu mizito yuko njiani.”

Baba ameshasema uongo mmoja, Kaka. Usiache huu uwe wa pili.

Mdogo wako, mkamuaji